Dogo anataka kuacha chuo aingie drafti ya NBA, mnaamuaje?

Kwanza tuelewane, drafti ninayoisema hapa sio ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Ni ile ya NBA, ligi kubwa ya kikapu Marekani, ya mwezi wa sita kila mwaka, timu zinachagua vijana kwa raundi mbili afu basi, na mwaka 2025 waliitwa 59 dunia nzima. Hamsini na tisa! Sasa chukua vyuo vya daraja la kwanza Marekani, viko zaidi ya 350 na kila kimoja kina wachezaji kama kumi na tatu hivi, ongeza na watoto wa Ulaya na Australia, afu ndo umuulize dogo wako haraka ya nini.

Naandika kwa sababu nyumbani kwetu hili jambo lilitukuta. Mtoto wa dada yangu anacheza chuo kimoja huko, futi sita na inchi tisa, msimu wake wa pili ukawa mtamu, akapiga simu saa nane usiku wa huku anasema kuna mtu kamwambia aingie drafti mwaka huohuo. Mtu gani? Mtu tu. Dakika kumi hazijaisha grupu la familia WhatsApp wameshaanza kugawana viwanja Mbezi, na mjomba wetu mmoja ambaye hajawahi kuangalia kikapu hata robo moja akaandika "mtoto asicheleweshwe na vitabu". Ndo nikakaa chini nikaanza kusoma na kuulizia, nimechoma bando langu ili nyie msichome la kwenu.

Kitu cha kwanza kabisa, tenganisheni maswali mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Kuna swali la "dogo anajua mpira kiasi gani" na kuna swali la "dogo leo anauzika namba ngapi". La kwanza muulizeni kocha. La pili ni la soko, na drafti ni soko tu kama masoko mengine, bei inapanda na kushuka kama ya nyanya, na kama nyanya pia, ikikaa sana mezani wateja wanaanza kuibonyeza-bonyeza. Anzeni na swali la soko.

Mfano tunao wenyewe, Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, kikapu kaanza akiwa na miaka 15 hivi, akaenda kuangukia University of Connecticut kwa kocha Jim Calhoun. Mwaka 2008, baada ya msimu wake wa pili, kelele za "toka" zilikuwepo, akabaki. Msimu wa tatu akapiga pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira iliyokosa goli akaidaka) na bloku 4.2 (mitupo ya wapinzani aliyoizima) kwa mechi, timu ikafika nusu fainali ya taifa kule Detroit, na tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya vyuo waliyokuwa wanacheza, akagawana na DeJuan Blair. Hapo ndo akatoka, na Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2. James Harden alikuwa namba 3, Stephen Curry namba 7. Mtanzania kaitwa kabla ya Curry, hebu tulia kidogo uionje hiyo.

Yaliyofuata mnayajua. Msimu wa kwanza wastani wa pointi 3.1, na Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini, Dakota Wizards, mji wa Bismarck huko North Dakota, fikiria mtoto wa Dar mwezi wa pili kwenye theluji ile, na mpaka siku hiyo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye akashushwa. Akapita Houston, Portland, Oklahoma City, 2014 NBA ikawa imeisha kwake, baadaye akaenda kucheza Japan na Taiwan.

Sasa vijiweni hukumu ni moja tu, "angebaki chuo mwaka mmoja akomae". Mi nakataa, na nimeshagombana na watu kwa hili. Abaki ili afike wapi, juu ya namba 2 si ipo namba 1 tu? Na mbona alishabaki, alikaa miaka mitatu, huo ushauri mnaompa alishaufuata! Mwaka wa nne ungeweza kumletea goti, au skauti wakaanza kuangalia miguu yake badala ya mikono yake, akaitwa namba 15 kwa hela pungufu. Alivyotoka alianza na zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka. Kilichomshinda kilikuwa mpirani, kwanza alikuwa bado anajifunza, pili alifika Memphis akamkuta Marc Gasol kakaa palepale kwenye nafasi yake, na kwenye drafti timu huchagui, unachaguliwa. Kwa soko Hasheem alitoka siku yenyewe hasa. Kwa mpira alikuwa bado mbichi. Yote mawili ni kweli, na ndo maana nasema msiyachanganye.

Haya, namba mnaijuaje? Sio kwa zile orodha za mtandaoni, zile zinaandikwa na watu wanaotafuta kusomwa. NBA wana kamati ya ushauri, mchezaji wa chuo anaomba tathmini, wao wanakusanya maoni ya maofisa wa timu wanamrudishia jibu kwa makundi, yaani lotari (zile 14 za mwanzo), au raundi ya kwanza, au raundi ya pili, au hutachaguliwa. Haimfungi dogo wala timu, ila ndo sauti ya wanunuzi wenyewe. Msaidizi wa kocha chuoni anajua jinsi ya kuiomba, na akijifanya hajui jueni anataka dogo abaki kwa ajili ya kibarua chake.

Jibu la pili linakuja lenyewe, ni mwaliko wa kombaini, yale majaribio ya NBA ya Chicago mwezi wa tano. Pale wanapimwa urefu bila viatu (wengi wanapungua inchi nzima, aibu), urefu wa mikono, wanaruka, wanafanyiwa vipimo vya daktari. Kama dogo hajaalikwa, hilo nalo ni jibu, msilizunguke. Halafu kuna mazoezi ya timu mojamoja, hapo angalieni ni timu gani zinaita, kama wanaoita ni wenye namba za 50 huko basi mmeshajua wanamuona wapi.

Na kanuni yangu, mimi sio mtaalamu lakini hii naisimamia, mkipewa namba mbili chukueni ile mbaya. Ukiambiwa kati ya 20 na 40 wewe ni 40. Ukiambiwa kati ya 40 na 60, hesabu kwamba hujaitwa.

Kwa nini namba ni muhimu hivyo? Hela. Siku ile nilichana karatasi ya daftari la mwanangu nikaandika mistari mitatu nikapiga picha nikatuma kwenye grupu. Mstari wa kwanza, raundi ya kwanza: miaka miwili ya mwanzo ya mkataba mshahara ni wa uhakika, wakuchezeshe wasikuchezeshe, wa tatu na wa nne timu ndo inaamua. Namba 1 wa 2025, Cooper Flagg, alianza na karibu dola milioni 13.8 kwa mwaka, na hata yule wa mwisho wa raundi anaanza na zaidi ya milioni 2. Mstari wa pili, raundi ya pili na wasioitwa: hakuna uhakika wowote, wengi wanapewa ule mkataba wa nusu-nusu, mwili wako uko ligi ya chini na timu kubwa inakuita ikikuhitaji, msimu wa 2024-25 ulikuwa dola 578,577 na hauzidi mechi 50 za NBA. Mstari wa tatu, ligi ya chini peke yake: dola 43,000 hivi msimu mzima wa 2024-25. Elfu arobaini na tatu, Marekani, kodi ya nyumba humo humo! Shangazi akajibu "kumbe". Mjomba wa viwanja akanyamaza, mpaka kesho yake.

Na hizo zote ni kabla ya makato. Serikali kuu kwenye mapato ya juu inachukua mpaka asilimia 37, majimbo mengi yanaongeza yake, ligi inashikilia asilimia 10 pembeni, wakala anaruhusiwa mpaka asilimia 4. Kwa hiyo mkisikia milioni mbili sikieni kama milioni moja na kachenji, afu ndo mpange harusi.

Ukiangalia mistari hiyo utaona kwa nini mtu wa lotari hana haja ya kikao. Aende. Khaman Maluach ni mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, kakaa chuo cha Duke mwaka mmoja tu akatoka, 2025 kaitwa namba 10 na kuishia Phoenix Suns. Angebaki kufanya nini? Joel Embiid wa Cameroon alitoka Kansas baada ya mwaka mmoja akiwa kavunjika mfupa wa mguu, wakamchukua hivyohivyo namba 3 mwaka 2014, misimu miwili ya kwanza hakugusa mpira wa mashindano na mshahara unaingia, baadaye kawa mchezaji bora wa ligi nzima. Ukiwa juu hata ukiumia unalipwa. Chini huku ukiumia unasahaulika, na hapo ndo kuna kazi ya kufikiri, kwa wale wa 25 kushuka mpaka 45.

Hawa wa katikati ushauri wao umebadilika kabisa siku hizi. Zamani chuoni hulipwi kitu, kwa hiyo hata raundi ya pili ilikuwa inavutia. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuuza jina na sura yao, matangazo, saini, jezi, wenyewe wanaita NIL, na tangu 1 Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza kama dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote humo. Matokeo yake mtu ambaye angeitwa namba 40 anapata zaidi akibaki. Mwaka 2021 waliojiandikisha mapema walikuwa zaidi ya 350, mwaka 2025 wakashuka mpaka 106. Kwa hiyo kocha wa Kimarekani atamwambia dogo "baki, hela ipo", na kwa watoto wa Kimarekani yuko sahihi.

Ila mtoto wetu yuko na viza ya F-1.

Hapa ndo wazazi wengi wa kwetu wanaingizwa mjini. F-1 ni viza ya kusoma, kazi inayoruhusiwa ni ya kubana sana, na kusimama kwenye tangazo la duka la magari kwa malipo kunahesabika kama kazi. Muangalieni Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, Mswahili mwenzetu kabisa. Msimu wa 2021-22 chuo cha Kentucky alivuta ribaundi 15.1 kwa mechi, akabeba tuzo za mchezaji bora wa taifa, jina linauzika kila kona ya jimbo, lakini viza. Unajua walifanyaje? Agosti 2022 timu ilikwenda Bahamas kucheza mechi za maandalizi, akafanyia biashara yake ya saini na matangazo huko huko, kwa sababu akiwa nje ya Marekani kile kizuizi hakimkamati. Yaani mtu anasubiri safari ya timu ili auze sura yake! Akarudi akacheza msimu mmoja tena, wastani ukapungua kidogo, 2023 drafti ikaisha hajaitwa, akasaini nusu-nusu na Indiana Pacers.

Kwa hiyo kabla hamjamuambia dogo "baki, NIL inalipa", hakikisheni kwanza kama yeye italipa. Muulizeni mwanasheria wa uhamiaji, sio kocha, sio wakala, na aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni, wale wanaompa I-20 (ile karatasi ya chuo inayobeba viza yake), awaulize kwa maandishi ajibiwe kwa maandishi. Hizi hela za vyuo kulipa moja kwa moja wanasheria wenyewe bado wanavutana kwa watu wa F-1. Akikosea hapo anapoteza viza, na viza ikienda chuo kimeenda na drafti imeenda. Mwenye namba 28 na pasipoti ya Marekani namwambia rudi chuo. Mwenye namba 28 na F-1 namwambia fikiria sana kutoka, kwa sababu yeye mwaka wa kubaki anaufanya karibu bure, huku anazeeka machoni pa skauti.

Swali linalofuata kwa anayetaka kubaki: unarudi kutengeneza nini? "Kukomaa" sio jibu. Nataka kusikia "mitupo ya mbali naingiza asilimia 28, nataka 36" au "kocha ameniahidi nicheze nafasi ya nne badala ya tano". Zach Edey wa Purdue aliingiza jina 2023, akasikia wanavyomuona, akatoa jina akarudi, 2024 akaifikisha timu fainali na kaitwa namba 9. Joakim Noah na wenzie wa Florida walibeba ubingwa 2006, wakakubaliana kurudi wote, wakabeba tena 2007, na drafti ya mwaka huo Al Horford akaenda namba 3, Corey Brewer 7, Noah 9. Kwa upande mwingine Jared Sullinger wa Ohio State 2011 angekwenda juu kabisa, akarudi, msimu uliofuata mgongo ukaanza kuuliziwa na madaktari wa timu, 2012 akaitwa namba 21. Mchezo wake haukuwa umeharibika, ni wanunuzi walipata muda wa kumkagua.

Na umri jamani. Dikembe Mutombo kutoka Kinshasa alifika Georgetown 1987 akitaka kuwa daktari, akamaliza 1991 na shahada ya isimu na diplomasia, akaitwa namba 4 akiwa ametimiza miaka 25, akacheza mpaka 2009. Nampenda sana marehemu, lakini msimtumie kama mfano wa kumbakiza mtoto, siku hizi ukifika 23 wanakuangalia kama gari la mkononi.

Tarehe sasa, hizi ziandikeni ukutani. Kujiandikisha kunafungwa mwishoni mwa mwezi wa nne (2025 ilikuwa Aprili 26). Kutoa jina ili bado uruhusiwe kucheza chuo, mwishoni mwa mwezi wa tano (ilikuwa Mei 28, kabla ya saa sita usiku za New York, ambazo kwetu ni saa moja asubuhi ya kesho yake, kwa hiyo msije mkahesabu kwa saa ya Dar). Drafti yenyewe ni mwishoni mwa Juni. NBA nao wana tarehe yao ya kutoa jina katikati ya Juni na watu wanaichanganya na hii, ukichelewa ile ya chuo ukawahi ya NBA unakuwa umetoka drafti na chuo huchezi. Na kama ana wazo la kuhama chuo, dirisha la uhamisho linafungwa kabla ya tarehe za drafti, ajiandikishe mapema. Umri pia, lazima afikishe 19 ndani ya mwaka huo wa drafti na uwe umepita mwaka tangu darasa lake limalize sekondari.

Wakala. Tangu 2018 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuwa na wakala wakati anapima maji, ila awe anatambuliwa na NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo) na dogo awe ameomba ile tathmini, vinginevyo kusaini tu kunamfungia mlango wa kurudi. Yule "mtu tu" wa kwetu tulimpigia simu ya video, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, nikamuuliza jina lake liko kwenye orodha gani, akasema yeye hafanyi kazi kwa orodha, anafanya kwa mahusiano. Afu akaomba dogo amtumie picha ya pasipoti. Dada yangu ndo alikata simu, mi nilikuwa bado naheshimu.

Shule sina mengi. Shahada inaweza kusubiri, Vince Carter alitoka North Carolina 1998 kabla hajamaliza, akamalizia, na asubuhi ya mechi ya saba dhidi ya Philadelphia Mei 2001 alienda kwenye mahafali yake kwanza, na jioni wakafungwa akatukanwa mji mzima. Kinachohitajika ni dogo aandikiwe na chuo kwamba ufadhili wake utamsubiri, vyuo vingine vinakubali, vingine hamna.

Wa kwetu? Aliomba tathmini. Jibu lilikuja katikati ya mwezi wa tano, akatuma skrinishoti bila neno lolote: hatachaguliwa. Grupu likakaa kimya saa nzima, shangazi akatuma stika ya pole, dogo akatoa jina siku nne kabla ya mwisho akarudi mazoezini, na sasa kila Jumapili ananitumia namba za mitupo ya mbali. Wiki iliyopita 31 kwa 100 ya mazoezi, mkono wa kushoto bado hovyo.

Mjomba kauliza tena juzi kile kiwanja cha Mbezi kimeishia wapi.